Manowari na Radhi ya Mzee Seif

Mwezi uliopita tulimzika Bi Salma binti Seif. Siku ya pili ya azza, matanga yetu ya huku, mjukuu wake mmoja, msichana wa chuo kikuu mwenye maswali kuliko adabu, aliniuliza mbele ya watu: "Khalati Zuhura, nyinyi na sisi tumehusiana vipi hasa? Si kabila moja, hatujaoana, lakini kila harusi na kila msiba mnakaa na wenyewe." Wanawake wote wakanigeukia na vikombe vyao vya kahawa mkononi. Nikamjibu kwamba tumehusiana kwa meli. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha wa kizee, na mimi sikuendelea. Nimeumia tangu siku ile. Waliokuwa wakiijua habari hii nzima wamekwisha, nimebaki mimi ambaye sikuwahi hata kuiona meli yenyewe, na nikiondoka na mimi itabaki kwamba watu wa Mzee Nassor na watu wa Mzee Seif wanapendana bila sababu. Sababu ipo. Ni ya mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nina leseni mpya ya gari, na najiona mjuzi wa kila kitu.

Tulikaa Ruwi, hapa Muscat, ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi cherehani Mhindi ambaye mashine zake zilinguruma mpaka adhana ya isha. Chumba cha babu yangu, Mzee Nassor, kilikuwa kile kinachotazama kituo cha mabasi, na hakutaka kukibadili ingawa cha nyuma kilikuwa kimya zaidi. Alikuwa na kitanda cha chuma, mkeka wa Unguja uliopauka, redio, sanduku, na kiti kimoja cha plastiki ambacho kilikuwa changu. Mimi nilikuwa napokea simu katika ofisi moja ya serikali, kutwa nzima nikisema "subiri kidogo" kwa lugha tatu, na nikirudi nilikaa kwenye kiti kile nikala chakula alichonifunikia mama: wali, mchuzi wa papa, pilipili ya kusaga na ndimu. Babu alinipasha khabari za dirishani, nani kapita na nani kanenepa. Alikuwa anakaribia miaka themanini, mwembamba, na mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Daktari alisema moyo wake umechoka. Babu alimjibu kwamba haujachoka, umekaa tu.

Ijumaa moja, mbele ya sinia la biriani, akatangaza kwamba mwaka huu anakwenda Hija, insha'Allah. Hakuna aliyempa mkono wa heri. Baba aliendelea kuchambua mfupa, mama akaongeza achari. Mara tatu babu alikwisha jiandikisha kwenye msafara, na mara tatu, zikibaki siku chache, alikwenda mwenyewe kufuta jina lake bila kutoa sababu. Mimi ndiye niliyeropoka: "Na safari hii utatoroka lini, babu?" Mama alinifinya paja. Babu akanitazama kwa muda, akafuta vidole vyake kimoja kimoja. "Safari hii wewe ndo utanchukua kwa watu," akasema. "Leseni unayo, na mdomo unao."

Anayekwenda Hija hupita kwanza kutakana radhi na watu. Siku hizi wengine wanatuma ujumbe mmoja wa simu kwa watu mia mbili na kuona wamemaliza. Babu alipita nyumba kwa nyumba, na mimi nikiwa dereva wake tulizunguka miezi, Mutrah, Wadi Kabir, mpaka kijijini Bustan, kila alasiri nikitoka kazini na kila Ijumaa. Hakuomba radhi kwa jumla jumla. Alikuwa na kosa lake kwa kila mtu, na mengine ilibidi awakumbushe waliokosewa. Kwa bibi mmoja wa Wadi Kabir aliomba radhi kwa kuwa zamani aliwahi kuisema bokoboko yake kwamba ni nzito. Bibi akasema hasamehi, mpaka ale sahani nyingine akiwa ametubu. Babu akala, na bibi akasimama mlangoni kumhesabia matonge. Mimi nilikaa baina ya jikoni na barazani, sikio moja kwa wanawake na moja kwa wanaume, na sijawahi kuipenda jamii yetu kama nilivyoipenda miezi ile. Nilijifunza kwamba watu wazima nao wanaogopana.

Na kila nyumba, kahawa ikishazunguka, lazima mmoja aseme: "Hebu, Mzee Nassor, tupe ile ya manowari, huenda usirudi." Babu alikuwa mmoja wa vijana wa Unguja waliochukuliwa na Waingereza wakati wa vita vikuu vya pili kufanya kazi za chini kwenye manowari, na yake ilikuwa ile ya kubeba ndege. Mji wa chuma, alisema, wenye uwanja wa ndege juu ya paa na ghala la ndege chini yake. Yeye alikuwa mtu wa grisi, kwenye mashine. Alivuta sahani ya halwa katikati ikawa ndiyo meli, na kijiko kikawa ndege. Mabomu yalitoboa uwanja, moto ukaingia kwenye ghala lenye ndege zilizojaa mafuta, usukani ukafa, taa zikazimika, na meli ikainama upande wa kushoto mpaka mtu akawa anatembea mguu mmoja sakafuni na mmoja ukutani. Meli nyingine zikasogea kuwachukua watu, nahodha akakataa kuiacha. Watu wa mashine wakabaki chini na vitambaa vya maji puani, wakaiongoza kwa mashine peke yake, hii wakiizidisha na ile wakiipunguza, huku wenzao wa juu wakiuzima moto unaowaka upya kila wakiupa mgongo. Siku ya nne wakaona ardhi.

Hapo sauti ya babu ilipanda kila mara. Mkubwa wao mmoja alipita akiamuru kila mwenye miguu aoge kwa maji ya chumvi, avae nguo safi kuliko zote alizonazo, apande juu asimame kwenye mstari, weupe kwa weusi, wapishi kwa marubani. Nguo zenyewe zilikuwa zimeungua. Wengine walivaa mashati ya waliokufa. Wakasimama wima juu ya sakafu iliyolala upande, na hakuna aliyeshika kamba. "Tuliingia bandarini tumesimama," babu alisema, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha simama, kidole kikielekeza halwa. "Watu wa pwani walikuja kutizama maiti, wakaona meli." Watoto walipiga makofi. Wanaume wazima, watu wa maofisi makubwa, walifuta macho na kujifanya ni moshi wa udi. Mimi nilikuwa nimeisikia mpaka naweza kuisema nikiwa nimelala, na bado kila alipofika pale nilivuta mabega nyuma, nikakaa sawa.

Lakini kazi yangu ilikuwa kusikiliza, na nilisikia pengo. Kila akifika pale maji yalipoanza kuingia kwa chini, babu aliomba maji ya kunywa, akayanywa yote taratibu, na gilasi ikirudi chini bahari ilikuwa imekwisha zuiwa. Nilimwuliza siku moja ndani ya gari, nikijifanya sijui, ni nani aliyeizuia. "Milango," akasema. "Hebu tizama barabara."

Mtu mmoja tu hakuwahi kuomba kusimuliwa, naye alikuwemo. Mzee Seif, aliyekuwa dobi kwenye manowari ileile, alikaa Qurum katika jumba la mwanawe, pamoja na bintiye Bi Salma aliyemtunza. Mdogo wake Mzee Seif, Juma, alikuwa mtu wa grisi pamoja na babu. Kisa chao kilijulikana na kila mtu na hakikutajwa na mtu: Juma alikufa kwenye maji nyuma ya mlango wa chuma, na aliyeufunga mlango ule alikuwa babu. Siku ileile, juu ya meli inayowaka, Mzee Seif alimfuata babu akamwuliza, "Umefunga wewe?" Babu akajibu, "Nimefunga mie." Kutoka hapo, kwa miaka zaidi ya hamsini, hapakupita baina yao hata salamu, na sote tunajua dini inasema nini juu ya Waislamu wawili kununiana zaidi ya siku tatu. Sasa, Muscat si mji mkubwa kwa watu wa Unguja. Walikutana kila azza, na kwenye azza anayeingia huwapa mkono wote walioketi, mmoja baada ya mwingine, kuuzunguka ukumbi wote wa sabla. Basi walikuwa na taratibu zao. Akiingia Mzee Seif, babu aliinuka kwenda kutia udhu ambao alikuwa nao tayari. Akiingia babu, Mzee Seif aliitwa na simu isiyolia. Mara moja walikimbilia msalani wote wawili kwa pamoja, na kila mmoja ikabidi akae kwenye choo chake mpaka mwenzake atoke. Watu walicheka kwa chini. Mimi nilicheka kwa sauti, na sasa naona haya.

Ilipobaki kama mwezi na nusu kabla ya msafara, nyumba zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa ile ya Qurum. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini babu alifuta jina lake mara tatu. Bila radhi ya Mzee Seif hakutaka kupanda basi la Makka, na daktari alikuwa amekwisha sema na baba pembeni kwamba mwaka mwingine asiuhesabu. Mara ya kwanza tulizunguka nyumba ile tukarudi. Mara ya pili nilisimamisha gari getini, babu akafungua mlango, akautazama, akaufunga. Mara ya tatu tukakaa pale na kiyoyozi kinavuma, yeye na kanzu yake ya Ijumaa na kilemba alichokifunga kwa nusu saa, mpaka mimi nikamwambia maneno ambayo mjukuu hamwambii babu yake. Nikasema: "Kama umemkosea, kamwombe radhi. Kama hukumkosea, kamwambie. Mie sizunguki tena."

Nilitegemea anigombeze. Alivua kilemba, akakiweka juu ya magoti.

"Ule mlango ulikuwa umepinda," akasema. "Fremu yake. Bomu liliipiga upande. Tulikuwa wawili, mie na Juma, upande mkavu, maji yanakuja kwa kule. Tumeuvuta mara mbili haukukaa, maji yanapita pembeni kama bomba. Nyuma yetu ndo mashine, Zuhura. Mashine zikipata maji, meli imekwenda na watu wake wote. Mlango ule haukai mpaka mtu ausukume kwa bega kutoka upande wa maji, na kuna makomeo manne kule, manne huku. Juma kaniangalia. Kapita. Kapita kwa miguu yake akaenda upande wa maji, akanambia, 'Vuta, Nassor.' Akasukuma. Ukakaa. Nikasikia anageuza makomeo yake, moja, la pili, la tatu, la nne. Akagonga, yaani na mie nigeuze yangu. Nikageuza."

Nilimwuliza kwa nini, basi, alisema amefunga yeye.

"Si nlifunga?" akasema. "Kaenda kwenye mauti kwa miguu yake. Unajua mtu huyo wanamwitaje. Kwetu, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikataa kumsalia mtu aliyejitosa kisimani, na mie nlikuwa pale, mtoto, naona mamake anavyolia nje ya msikiti. Mama yake Juma alikuwa hai. Nkaona bora nchukiwe mie, kuliko yule mama aambiwe asimwombee mwanawe."

"Na mama alipokufa?"

"Mama alipokufa nlikuwa nshazoea."

Ndilo fundo lililomkaba mara zote tatu, na alinifungulia lote pale. Akienda kwa Mzee Seif kuomba radhi kwa kumfungia nduguye, atakuwa anasema uongo njiani kuelekea kwa Mola wake. Akisema kweli, atakuwa amemfichua marehemu kwa dhambi isiyo na toba. Nikamwuliza kama amewahi kumwuliza shekhe yeyote. Akanitazama kama niliyemwambia aruke dirishani. "Na jibu likiwa baya?" akasema. "Nitamrudishia nani?"

Sikulala vizuri, si kwa huruma peke yake, kwa hasira pia. Asubuhi, kabla simu za ofisini hazijapamba moto, nilipiga kwenye ofisi ya mashekhe wanaojibu masuala ya watu. Nikampata mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, nikamweleza kwa Kiarabu kisa cha mtu, bila jina, mpaka nilipofika kwenye makomeo na sauti ikanivunjika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza suala moja tu: mtu yule alikusudia kufa, au alikusudia meli isizame? Nikasema alikusudia meli. "Basi unalilia nini, binti yangu?" akasema. Akaniambia aliyekufa kwa maji anahesabiwa shahidi, hata watoto wa chuoni wanalijua hilo, na huyu kafa kwa maji akiwaokoa watu, asiyejua idadi yao. Yule wa kisimani alitaka kufa, huyu alitaka wenziwe waishi. Akaniombea dua, akanambia niwasalimie nyumbani. Yote yale yalichukua dakika nne. Nilikaa na chombo cha simu mkononi, taa za laini nyingine zikiwaka mbele yangu, na kwa mara ya kwanza sikumwambia mtu asubiri kidogo. Niliwaacha tu wasubiri.

Babu hakunishukuru. "Nani kakutuma?" Kisha akanitaka niyarudie maneno ya shekhe mara tatu, neno kwa neno, kwa Kiarabu chake na kwa Kiswahili. "Kasema shahidi? Hakusema tunataraji awe shahidi? Kasema?" Nikasema kasema. Nikaongeza, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa haujapata akili, kwamba miaka hamsini imekwenda kwa jambo la simu moja. "Hatukuwa na simu," babu akajibu kwa ukali, akageukia ukutani. Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na mabega yale yalikuwa makubwa kuliko nilivyodhani. Siku mbili hakusema na mimi. Ijumaa, baada ya sala, alitokea mlangoni kwangu na kilemba kimefungwa. "Washa gari."

Bi Salma ndiye aliyetufungulia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ina unga, anakanda mikate. Alipomwona babu alijiziba mdomo kwa mkono ule ule, unga ukambaki usoni, na badala ya kwenda kumwuliza baba yake alituongoza moja kwa moja mpaka majlisi, nami nampenda kwa hilo mpaka kesho. Chumba kilikuwa kikubwa, baridi, makochi yamezunguka kuta, na Mzee Seif amekaa peke yake mwisho kabisa, fimbo baina ya magoti, televisheni inawaka bila sauti. Babu akatoa salamu. Mzee Seif akaijibu, kwa kuwa kujibu ni wajibu, lakini aliijibia kwenye televisheni. Bi Salma akaleta maji. Babu akaikataa gilasi. Akakataa na kukaa. Akasimama katikati ya zulia, mikono mbele, na akasema habari ya mlango tangu mwanzo mpaka mwisho, kama alivyonisimulia ndani ya gari, bila kuongeza neno. Kisha akasema kwa nini alinyamaza, na shekhe amesemaje.

Mzee Seif alikuwa anatazama fimbo yake. "Makomeo," akasema. "Ya upande wake. Aliyageuza yote?"

"Yote manne. Nlisikia moja moja."

"Hakuacha hata moja? Labda abadili nia?"

"Hakuacha."

"Alisema nini?"

"'Vuta, Nassor.' Na kabla hajapita, akasema nimsalimie mama."

"Hukumsalimia."

"Nlimsalimia, Seif. Nlimwambia ni salamu alizonipa asubuhi."

Nilidhani Mzee Seif atalia, au atainuka amkumbatie, kama watu wanavyofanya kwenye tamthilia. Uso wake ulikuwa wa ghadhabu. "Miaka hamsini," akasema, "namwombea ndugu yangu kama mtu aliyeonewa. Wanangu nimewalea nkiwambia ami yao kafungiwa kama panya. Wenzangu wakisimama kusimulia ile manowari mie natoka nje. Meli imeokolewa na ndugu yangu, na mie natoka nje. Hata siku moja sijajivuna naye, Nassor. Hilo ndo ulonidhulumu. Mlango haunihusu."

Babu akainamisha kichwa. Namwona mpaka leo, kanzu nyeupe katikati ya zulia jekundu, na nadhani ndipo alipopumua, kwa sababu sasa palikuwa na kosa la kweli. "Basi hilo ndo nnaloombea radhi," akasema.

"Sitoi sasa," Mzee Seif akajibu. "Salma, waite watoto."

Wakaja, wana na wake zao na wajukuu, waliokuwa wamelala wameamshwa, waliokuwa mbali wamepigiwa simu, mpaka makochi yakajaa na vijana wakakaa chini. Mzee Seif akamwamuru babu aanze upya, toka mabomu, mbele ya wote, na akifika mlangoni asipite mbio. Babu akasimulia. Kila Juma akitajwa, Mzee Seif alipiga fimbo chini na kuwaambia wajukuu, "Huyo ami yenu. Sikilizeni." Kufikia kwenye mstari wa watu waliosimama juu ya sakafu iliyoinama, Mzee Seif alikuwa amekwisha inuka naye akatia maneno yake, na ndipo tulipojua sote kwamba zile nguo safi ni yeye dobi aliyezifua, kwa maji ya chumvi, siku ya tatu ya msiba wa ndugu yake, kwa sababu kazi ilikuwa kazi. Hakuwahi kumwambia mtu. Bi Salma alilia waziwazi, unga wake usoni umekuwa uji. Tukala mikate yake ikiwa imeungua chini, na hakuna aliyelalamika. Tukiondoka, babu akauliza tena juu ya radhi. Mzee Seif akamwuliza basi linaondoka lini. "Ntakupa huko huko kituoni," akasema, akafunga mlango.

Vitabu vya vita havitaji watu wa grisi wala madobi, na sikutegemea kuwakuta. Lakini nimekaa na viongozi wengi katika kazi zangu za baadaye, wengine wenye nishani mpaka kifuani hapatoshi, na sijaona aliyenifanya nivute mabega nyuma kama wale wawili. Najivuna nao. Najivuna na Juma ambaye sikumwona, na najivuna na babu, hata kwa ule ukimya wake wa makosa, kwa sababu aliubeba peke yake na hakuuona mzito mpaka alipotakiwa kuutua. Mimi mwaka ule umenifundisha kuuliza. Katika maisha yangu nimewaudhi watu wengi kwa kuuliza, na sijaomba radhi kwa hilo.

Wiki za mwisho zilikuwa za mateso. Babu hakufuta jina lake, lakini hakufunga mzigo pia. Nguo za ihramu zilikaa juu ya sanduku, zimekunjwa, na kila asubuhi alizitazama na kunywa chai yake. Mama alisema huyu mzee wa Qurum anamcheza shere. Siku ya safari kituo cha Ruwi kilikuwa kimejaa, mabasi ya mahujaji yamepangwa, watu wanalia na kucheka na kufunga mizigo juu, joto la mchana linapanda kutoka kwenye lami. Babu alisimama chini ya mlango wa basi lake. Mkuu wa msafara alimwita mara mbili apande, akasema anasubiri mtu. Baba akaniambia kwa sauti ya chini nilete gari karibu, huenda tukarudi naye.

Gari la Qurum liliingia dereva akipiga honi bila kuacha. Akashuka Bi Salma, akashuka mumewe na begi, akashuka Mzee Seif, fimbo mkononi, na chini ya kwapa nguo mpya nyeupe ndani ya mfuko wake wa dukani. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele ya babu, wakatazamana, na Mzee Seif akanyoosha mkono. Babu akaupokea kwa mikono yake miwili.

"Radhi unayo toka ile Ijumaa," Mzee Seif akasema. "Nlitaka tu na wewe usubiri kidogo. Panda."

Kwanza hatukuelewa kwa nini na yeye anapanda. Mumewe Bi Salma alikuwa amehangaika wiki nzima mpaka akapata nafasi ya mgonjwa mmoja aliyeghairi. Mkuu wa msafara, kijana mwenye karatasi zake, akamkumbusha kwa heshima kwamba yeye alikwisha hiji, tena miaka mingi. Mzee Seif akasimama kwenye ngazi ya basi, akageuka kwa watu wote wa kituo kile, waliomjua na wasiomjua, na akajibu kwa sauti ambayo sikujua kifua kile kinayo.

"Yangu nshahiji. Hii namhijia ndugu yangu, Juma bin Said, aliyeiokoa manowari."

Babu alikuwa amekwisha kaa. Akasogea dirishani, akampisha kiti.